Jinsi ya Kucheza Mchezo wa Maneno kwa Dadu za Herufi: Mwongozo Kamili kwa Familia

Katika michezo mingi ya dadu bahati ndiyo mwamuzi, kwa kuwa kila mchezaji hurusha dadu zake na kupata namba zake. Mchezo wa maneno kwa dadu za herufi hauko hivyo. Dadu hurushwa mara moja kwa niaba ya wote, herufi zilezile zinakaa mbele ya wote, na kinachobaki ni wepesi wa macho na akiba ya maneno aliyo nayo kila mmoja. Dadu 16 zenye herufi katika nyuso zake hutikiswa na kupangwa katika mraba wa safu nne zenye dadu nne nne, kisha kwa muda wa dakika 3 kila mchezaji huandika kimyakimya maneno yote anayoweza kuyaunda kwa kufuata herufi zinazogusana. Umbo hili la mchezo linajulikana zaidi kwa jina la Boggle. Lilibuniwa na Allan Turoff, na kampuni ya Parker Brothers ya Marekani ikaanza kuliuza mwaka 1972.

Anayetaka kuucheza kwa Kiswahili anapaswa kutatua mambo mawili kabla ya kurusha dadu yoyote: dadu zenyewe, na maana ya "neno". Familia nyingi huruka yote mawili, hucheza raundi moja yenye mabishano mengi na maneno machache, kisha mchezo unarudishwa kabatini. Ndiyo maana nitakaa sana katika sehemu hizo mbili, kwa sababu uchezaji wenyewe hueleweka kwa dakika tano.

Dadu zinazokifaa Kiswahili

Dadu zilizotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza zina nyuso za Q na X, ambazo hazimo katika alfabeti ya Kiswahili, na irabu zake ni chache kwa mahitaji yetu. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na neno la Kiswahili, ukiacha machache ya mkopo, huishia vivyo hivyo. Mtupo wenye irabu nne na konsonanti kumi na mbili humwacha mchezaji wa Kiswahili akikodolea macho msitu usio na njia. Dawa ni kutengeneza dadu zako mwenyewe, kazi ya jioni moja ambayo watoto huifurahia karibu sawa na mchezo.

Tafuta vipande 16 vya mbao vyenye umbo la mchemraba, kila upande ukiwa na urefu wa sentimita 1.5 hadi 2, na uviandike kwa kalamu ya wino usiofutika. Ukikosa mbao, dadu za kawaida zenye nukta zinafaa, mradi ubandike kipande cha stika nyeupe juu ya kila uso. Tumia herufi kubwa tupu. Kwa kuwa dadu huweza kutua ikiwa imegeukia upande wowote, chora mstari mdogo chini ya M, W, N, Z na E, kwani M iliyopinduliwa husomeka kama W, N iliyolazwa ubavu husomeka kama Z, na E iliyolazwa huweza kudhaniwa kuwa mojawapo ya zile mbili za kwanza.

Mgawanyo ufuatao nimeupanga nikizingatia kwamba A ndiyo herufi inayojitokeza mara nyingi kuliko zote katika maandishi ya Kiswahili:

1: A A A I U E
2: A A A I U O
3: A A I I U E
4: A A I U E O
5: A A I I E O
6: A I U U E O
7: A U I E W Y
8: A U O M N H
9: K N L T S M
10: K N L T S B
11: K N L T M P
12: K N S M W D
13: K N L G H Z
14: K M T R Y Z
15: S B G F CH W
16: H P R D J V

Dadu sita za kwanza ni za irabu tupu, mbili zinazofuata ni mchanganyiko, na nane za mwisho ni za konsonanti tupu. Kwa mpango huu hakuna mtupo utakaoleta irabu pungufu ya 6 wala zaidi ya 8, na hapo ndipo ubao wa Kiswahili unapokuwa na uhai. C haikupewa uso wake peke yake kwa kuwa katika Kiswahili haisimami bila H. Ndiyo maana CH imeandikwa kwenye uso mmoja, na wakati wa kuhesabu urefu wa neno huchukuliwa kuwa herufi mbili. SH, TH, DH, GH na NY hupatikana kwa dadu mbili zinazogusana. Kibainishi cha NG' kisihesabiwe: neno kama "ng'oa" lisomwe N, G, O, A.

Mbali na dadu, unahitaji kisanduku kifupi chenye mfuniko, ambacho ndani yake dadu nne zinaenea kila upande bila kubaki nafasi ya kupinduka; saa ya mchanga ya dakika 3 au kipima muda cha simu; karatasi na kalamu kwa kila mchezaji; na kamusi moja ya Kiswahili. Nasisitiza moja. Kamusi mbili zinazotofautiana huongeza ubishi badala ya kuupunguza.

Neno ni nini?

Katika Kiingereza swali hili ni dogo. Katika Kiswahili ndilo linaloamua kama mchezo utakuwa wa haki, kwa sababu kitenzi chetu hubeba nafsi, wakati na mtendwa ndani ya neno moja. Mchezaji mjanja akishaona "lia" ataandika nalia, walia, alia, ulia na mengine ya jamii hiyo kadiri dadu zitakavyomruhusu, na atajaza ukurasa kwa wazo moja tu. Hakuna kosa la kisarufi hapo, ila mchezo unageuka kuwa zoezi la kuunganisha viambishi.

Pendekezo langu, baada ya kujaribu njia kadhaa, ni hili. Nomino zikubaliwe katika umoja na katika wingi, kila umbo likihesabiwa kuwa neno lake: "tusi" ni neno na "matusi" ni neno. Nomino isiyobadilika, kama "kalamu", huandikwa mara moja tu. Vitenzi viandikwe kama vinavyoorodheshwa katika kamusi, yaani mzizi pamoja na irabu ya mwisho, na minyambuliko ikubaliwe: pona, ponya, ponyesha. Viambishi vya nafsi na vya wakati vikataliwe. KU- ya kitenzi-jina nayo ikataliwe, kwa kuwa hubandikwa kwenye kila kitenzi bila kumgharimu mtu fikra yoyote, isipokuwa kwa vitenzi vya silabi moja kama kula, kufa na kuja, ambavyo bila KU- vingekuwa vifupi mno kwa mchezo huu. Kiambishi cha mahali -NI kikataliwe kwa sababu hiyohiyo, ila pale ambapo neno lenye -NI limepewa nafasi yake katika kamusi. Majina ya watu na ya mahali hayaruhusiwi, wala vifupisho. Maneno ya mkopo yanaruhusiwa ikiwa kamusi mliyoichagua inayo.

Wazungumzaji hodari wanaweza kuamua kuacha milango yote wazi, viambishi vyote vikaruhusiwa. Ni mchezo mwingine kabisa, wenye maneno marefu ya kushangaza, na una raha yake. Lakini usiwachanganye humo watoto ambao bado wanahangaika na tahajia. Vyovyote mtakavyoamua, andikeni masharti kwenye kipande cha karatasi na mkibandike ndani ya mfuniko wa kisanduku, kwa sababu kumbukumbu ya mtu aliyekaribia kushinda huwa na mapengo ya ajabu.

Raundi moja, hatua kwa hatua

Weka dadu zote kisandukuni, funika, tikisa vizuri, kisha laza kisanduku na uzisawazishe mpaka kila dadu ikae katika nafasi yake huku uso mmoja ukitazama juu. Iliyosimama kwa ukingo isukumwe kwa kidole bila kuchagua uso. Kisanduku kiwekwe katikati ya meza ili kila mmoja akione kwa umbali ulio sawa. Herufi zitakuwa zimegeukia huku na huku, na hilo ni sehemu ya mchezo. Hakuna zamu. Saa ikianza, wote wanaanza kuandika.

Neno huundwa kwa kutoka dadu moja kwenda nyingine inayogusana nayo, iwe kwa kando, juu, chini au kwa mshazari. Njia inaweza kupinda upendavyo, lakini huwezi kuruka dadu, na dadu moja haitumiki mara mbili katika neno lilelile. Neno fupi kabisa ni la herufi tatu. Muda ukiisha, kalamu zote zinawekwa chini, na anayemalizia herufi ya mwisho baada ya hapo hulipoteza neno hilo.

Tuchukue ubao huu, ambao unaweza kutokea kwa dadu nilizozitaja:

K A T I
M U L A
S A N E
I K O P

Safu ya kwanza inatoa "kati" waziwazi. Ili kupata "sauti", anza na S ya safu ya tatu, nenda A iliyo kulia kwake, panda U, kata mshazari hadi T, malizia I. "Mkate" haupatikani ingawa herufi zake zote zipo, kwa kuwa E haigusani na T. "Mama" pia haiwezekani, maana M iko moja tu. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa: Kiswahili kinapenda kurudia silabi, kama katika sasa, kaka, lala na baba, na macho huyaona maneno hayo haraka kabla ya kukumbuka kwamba kila herufi inayorudiwa inahitaji dadu yake.

Kusoma orodha na kuhesabu alama

Baada ya muda kuisha, mchezaji mmoja husoma orodha yake kwa sauti, neno baada ya neno. Yeyote mwingine aliyeandika neno hilo husema, na neno hufutwa katika orodha zote zilizo nalo. Kisha anafuata wa pili na maneno yake yaliyosalia, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Neno linalotiliwa shaka lithibitishwe mara mbili: kwanza mwenye neno aonyeshe njia yake kwa kidole juu ya dadu, kisha kamusi ifunguliwe. Lisipopatikana, linafutwa bila adhabu nyingine. Najua wapo wanaopenda kumkata alama aliyekosea, lakini adhabu hiyo huwafunga midomo watoto, na maneno ya kubahatisha ndiyo yanayowafundisha mengi.

Maneno yaliyobaki hupewa alama kwa urefu wake. Neno la herufi 3 au 4 lina alama 1, la herufi 5 alama 2, la herufi 6 alama 3, la herufi 7 alama 5, na la herufi 8 au zaidi alama 11. Mruko huo wa mwisho ni mkubwa makusudi, na katika Kiswahili, penye maneno marefu mengi, unafaa kuwindwa.

Tuseme katika ubao ule wa juu mchezaji wa kwanza ameandika kati, sana, kamusi, nauli na ona. Wa pili ana kati, sauti, tusi, matusi, tulia, msako na ona. Wa tatu ana kati, kula, sauti, pona na lea. "Kati" linafutwa kwa wote watatu, "ona" kwa wa kwanza na wa pili, "sauti" kwa wa pili na wa tatu. Wa kwanza anabaki na sana (1), kamusi (3) na nauli (2), jumla 6. Wa pili anabaki na tusi (1), matusi (3), tulia (2) na msako (2), jumla 8. Wa tatu anabaki na maneno matatu ya alama moja moja, jumla 3. Ona kwamba neno rahisi ambalo kila mtu anaona halimfaidii yeyote, ingawa huwezi kuthubutu kuliacha, kwa sababu mpinzani aliyebaki nalo peke yake ataondoka na alama yake.

Ubao huohuo una mfano wa ubishi mzuri. Mtu akiandika "kuna", mwingine atapinga kwamba hiyo ni "ku" na "na", kwa hiyo ni kinyume cha masharti. Lakini "kuna" ni pia kitenzi cha kukwaruza, kipo katika kamusi, na kinapita. Hakuna anayelazimika kueleza alikuwa na maana ipi kichwani; kinachopimwa ni umbo lililoandikwa. Kwa mantiki hiyohiyo, neno lenye maana tatu, kama "kaa", huhesabiwa mara moja, hata kama njia za kulifikia kwenye ubao ni mbili.

Mchezo mzima huwa wa raundi nyingi. Kubalianeni mapema ama idadi ya raundi, ama kiwango cha alama ambacho wa kwanza kukifikia ndiye mshindi. Alama 50 zinatosha kwa jioni moja. Wawili wakilingana mwishoni, raundi moja ya ziada kati yao ni bora kuliko kuhesabu nani ana neno refu zaidi.

Jinsi ya kuona maneno mengi zaidi

Anayeanza hutazama herufi ya kwanza ya safu ya kwanza na kuuliza inaweza kuanzisha neno gani. Kwa Kiswahili ni afadhali kuanza mwishoni. Tafuta mkia: herufi mbili au tatu zinazokaa pamoja na kuishia kwa irabu, kisha uulize ni vichwa vipi vinavyoweza kushikana nao. Katika ubao wetu mkia U-S-I unashuka kwa mshazari hadi pembeni. Ukitanguliza T unapata tusi, ukiongeza M na A mbele yake unapata matusi, na ukipitia K-A-M unapata kamusi, neno ambalo si vibaya kulikuta likiwa limejificha katika mchezo huu. Mkia A-U-T-I unatoa sauti na mauti. Mkia A-U-L-I unatoa kauli na nauli. Mikia mitatu imezaa maneno saba.

Jambo la pili ni kuzitazama M na U kama milango. M ikigusana na konsonanti inaweza kufungua nomino ya ngeli ya kwanza au ya vitu kama miti na misako: hapa M-S-A-K-O inazunguka kona ya chini. U mbele ya neno hufungua nomino za dhahania na za makundi, kama uasi na umati, yote yamo kwenye ubao huu. Vitenzi vingi vya asili ya Kibantu huishia kwa A, hivyo kila A iliyozungukwa na konsonanti ichunguzwe: tuma, suka, nusa, kamua, peana. Lakini usisahau vitenzi vya mkopo vinavyoishia kwa irabu nyingine, kama rudi, jibu na samehe, kwani ndivyo wapinzani wako watakavyovipita.

Jambo la tatu ni la nidhamu tu. Andika kwanza, fikiri baadaye. Dakika 3 ni fupi, na sekunde kumi za kujiuliza kama neno lipo zinaweza kukugharimu mengine matatu.

Meza yenye wakubwa na wadogo

Mzazi na mtoto wa miaka minane hawawezi kushindana kwa masharti sawa, na watoto hutambua upesi wanapoachiwa kushinda kwa huruma. Ni heri kuweka tofauti hiyo wazi katika masharti: wakubwa waanzie maneno ya herufi nne au tano, watoto waruhusiwe hata ya herufi mbili, na neno lililoandikwa na mtoto lisifutwe ikiwa mkubwa pia analo, bali lifutwe kwa mkubwa pekee. Muda nao unaweza kuongezwa hadi dakika 5. Njia nyingine ni kucheza kwa jozi, mmoja akiona na mwingine akiandika, ingawa hapo lazima muwe tayari kwa minong'ono inayosikika hadi upande wa pili wa meza.

Familia isiyopenda mashindano inaweza kuandika orodha moja ya pamoja na kujaribu kuvuka maneno 30 kabla ya muda kuisha. Kwa wale ambao dadu 16 zimekuwa nyepesi, ongezeni dadu 9 ili mraba uwe wa tano kwa tano, mkirudia dadu za 1, 3, 4 na 6 kutoka katika irabu na za 9, 10, 12, 13 na 14 kutoka katika konsonanti, na mwanzo wa neno upandishwe hadi herufi nne.

Kwa mtoto anayeanza tu kusoma, weka dadu 9 za mraba wa tatu kwa tatu, tano za konsonanti na nne za irabu, na umwombe atafute silabi badala ya maneno: ka, mu, si, ta. Kila silabi anayoionyesha kwa kidole na kuitamka ni alama moja. Siku atakapounganisha mbili mwenyewe na kusema neno, mpe karatasi yake na umkaribishe kwenye meza ya wote.